Asilimia 100 ya Nini? Stima ya Kijani, Bili Yako na Ahadi ya 2030

Wadau, wengi mliniomba maandishi ya mazungumzo niliyotoa Molo mbele ya kikundi cha vijana na wazee wachache waliokuja kusikiliza. Nimeyaweka hapa karibu vile yalivyosemwa, nikakata tu salamu na vicheko. Kanuni ya uzi ni ileile: hapa tunachambua hoja. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye maoni, nafuta.

1/
Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si fundi wa stima, kwa hivyo mambo ya nyaya mtaniwia radhi. Kazi yangu leo ni ndogo. Kuna sentensi moja mtaisikia sana kampeni zikipamba moto: "Tutafikisha asilimia 100 ya kawi safi ifikapo 2030." Upande wa pili utajibu: "Hiyo kawi safi ndiyo inawaletea bili kubwa." Makofi huku, makofi kule, mkutano unaisha. Na pande zote mbili zitakuwa zimeruka swali lenyewe: nani analipa, analipa lini, na analipa hata kama hajatumia?

2/
Kwanza tujue tumesimama wapi. Stima inayopita kwenye nyaya za Kenya, karibu asilimia 90 tayari inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke ndio unaongoza, na karibu wote unatoka kaunti yetu hii ya Nakuru. Olkaria kule Naivasha ilianza 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Leo uwezo wa mvuke nchini umepita megawati 900. Menengai nayo ilianza kuuza stima 2023.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akaahidi asilimia 100, jueni anaahidi zile 10 zilizobaki. Ni kama mtu anayejisifu atakufikisha Nakuru ilhali mko Njoro tayari. Lakini ngoja, hizo 10 ndizo ngumu kuliko zote. Nitafika hapo.

3/
Lengo ni nini kiuchumi? Lengo linasema kiasi. Halisemi bei. Dunia nzima inapenda malengo ya kiasi: Dubai, Desemba 2023, mataifa yalikubaliana kuongeza uwezo wa kawi jadidifu mara tatu ifikapo 2030. Miezi mitatu kabla, hapa Nairobi, viongozi wa Afrika walitaja kutoka gigawati 56 hadi angalau 300 katika muda huohuo. Nambari tamu sana hizo. Lakini gigawati haijengwi na tamko. Inajengwa na mkataba, na mkataba una bei.

Kenya ilianza 2008 na mfumo wa bei iliyopangwa mapema: ukijenga, tutanunua kwa bei hii kwa miaka mingi. Ujerumani ilifanya hivyo kuanzia 2000, bei ya miaka 20, na gharama ikawekwa kwenye bili za wananchi hadi ada hiyo ilipoondolewa Julai 2022. Afrika Kusini, kuanzia 2011, ilichagua mnada: kampuni zishindane, anayeuza kwa bei ya chini achukue. Bei huko ilishuka sana mnada baada ya mnada. Sisi tulipitisha sera ya mnada 2021. Kumbe basi lengo moja linaweza kukugharimu bei mbili tofauti kabisa, kutegemea umenunua vipi.

4/
Sasa niwape mfano wa viazi, manake hapa ni Molo.

Wewe ni mfanyabiashara wa viazi. Unaogopa kukosa usafiri msimu ukifika, kwa hivyo unakodisha lori mwaka mzima, shilingi 5,000 kwa siku, libebe lisibebe. Siku ukiwa na magunia 100, usafiri ni shilingi 50 kwa gunia. Siku ukiwa na magunia 25, ni shilingi 200 kwa gunia. Lori ni lilelile, dereva ni yuleyule, barabara ni ileile. Kilichobadilika ni mzigo.

Mikataba ya stima iko hivyo. Mwenye mtambo wa mvuke au wa mafuta analipwa kwa kukaa tayari, mbali na kile anachouza. Mwenye upepo mara nyingi analipwa hata akiambiwa apunguze kwa sababu gridi haina pa kupeleka. Mkataba ni miaka 20 au 25. Mtu aliyekadiria vibaya mzigo hayuko ofisini tena. Wewe na tokeni yako bado mko.

5/
Na tulikadiria vibaya kweli. Mwaka 2013 nchi iliahidiwa megawati 5,000 mpya ndani ya miezi 40. Wakati huo, saa ile watu wanatumia stima zaidi, nchi nzima haikuwa inafika megawati 1,500. Nani angetumia hizo zingine? Tuliambiwa viwanda vitakuja, reli itatumia stima, miji mipya itajengwa. Hata Februari 2025, zaidi ya miaka kumi baadaye, kilele cha matumizi kilikuwa megawati 2,316.

Hapa nataka wale wa upande wa "kijani ndiyo ghali" wanisikilize vizuri. Ndani ya mpango huo kulikuwa na kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu, megawati 1,050. Leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019 baada ya wakazi kwenda kwa mahakama maalum ya mazingira. Kingejengwa, tungekuwa tunalipia kikae tayari mwaka baada ya mwaka, na hakuna kitu kijani hapo. Ugonjwa wa kulipia lori tupu hauchagui rangi ya lori.

6/
Mfano wa pili ni upepo wa Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Mitambo 365, megawati 310, kazi safi. Ilikuwa tayari 2017. Lakini laini ya kuleta stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Laini ilikuwa jukumu la serikali. Mkandarasi wa kwanza kutoka Uhispania alifilisika, ikabidi wengine waimalizie, na ikakamilika Septemba 2018.

Kwa muda huo wote upepo ulivuma bure na fidia ikahesabiwa. Mabilioni ya shilingi. Sehemu ilipitishwa kwenye bei ya stima yenyewe, yaani iliingia kwenye bili. Sasa ukisimama ukasema "upepo ni ghali", umesema nusu ya ukweli. Ghali ilikuwa kutia saini ya mitambo bila kuhakikisha laini iko. Lengo lilihesabu megawati, na hakuna aliyehesabu nguzo.

7/
Jambo la tatu ni riba, na hili halipigiwi makofi popote.

Mtambo wa mafuta unanunuliwa rahisi, halafu unalipia mafuta kila siku. Upepo, jua na mvuke ni kinyume: kile kinachoendesha mtambo ni bure, lakini karibu gharama yote unaitoa mwanzoni, na unaitoa kwa mkopo. Kwa hivyo bei ya stima ya jua, kwa kiasi kikubwa, ni bei ya pesa.

Fanyeni hesabu hii nyumbani. Kopa shilingi milioni 100, ulipe kwa miaka 20 kwa kiasi sawa kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 4 utalipa karibu milioni 7.4 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 12 utalipa karibu milioni 13.4. Paneli ni zilezile, na jua letu ni kali kuliko la Ulaya. Stima yako ni karibu mara mbili ya bei, kwa sababu tu ya nani alikukopesha na aliogopa nini. Ndiyo maana Kenya kwenye mikutano ya tabianchi huwa inaongea sana juu ya riba, na ndiyo maana mimi naona hiyo ni hoja ya haki.

8/
Na mkopo wenyewe ni wa dola au yuro. Mikataba mingi ya stima inalipwa kwa pesa za kigeni, na wewe unanunua tokeni kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa karibu 129. Angalieni risiti ya tokeni, kuna mstari wa marekebisho ya fedha za kigeni. Mama wa kibanda hapa stendi, ambaye hajawahi kushika dola, ndiye anayebeba hatari ya dola. Aliyejenga mtambo hana wasiwasi, mkataba umemlinda. Kampuni ya kusambaza inapitisha mbele. Mwisho wa foleni ni wewe.

9/
Lakini tusiseme hakuna lililofanywa vizuri. Tazameni mvuke wetu. Kuchimba kisima kimoja ni mamilioni ya dola, na unaweza kuchimba ukakosa. Mwekezaji wa kibinafsi akiachiwa hatari hiyo, ataiweka kwenye bei, tena kwa ukarimu. Kwa hivyo 2008 serikali iliunda kampuni ya GDC ichimbe yenyewe, ithibitishe mvuke upo, kisha iuze mvuke kwa wenye mitambo. Menengai imejengwa hivyo. Inachukua muda, na kuna lawama za ucheleweshaji, lakini wazo ni sahihi: hatari ikiwa kwa yule anayeweza kuibeba kwa bei nafuu, stima inakuwa nafuu. Mvuke pia haungoji mvua wala upepo. Unatoka mchana na usiku.

10/
Basi kijani ndiyo imepandisha bili? Chukua risiti yako. Kuna bei ya yuniti yenyewe. Kuna gharama ya mafuta, na hii inapanda mitambo ya dizeli ikiwashwa sana, hasa mito ikikauka. Kuna fedha za kigeni, kuna mfumuko wa bei, kuna ada ya stima mashinani, kuna VAT asilimia 16. Halafu kuna kitu ambacho hakina mstari wake: mwaka wa fedha wa 2023/24 karibu asilimia 23 ya stima iliyonunuliwa ilipotea njiani, kwa nyaya chakavu na kwa wizi. Karibu yuniti moja kwa kila nne haikumfikia mteja anayelipa. Sehemu ya hasara hiyo imekubaliwa iingie kwenye bei yako.

Mwaka 2021 jopokazi liliundwa kuangalia mikataba, likapendekeza bei ishuke kwa asilimia 33. Punguzo la asilimia 15 lilikuja Januari 2022, mwaka wa uchaguzi. Awamu ya pili, iliyokuwa itokane na kujadiliana upya na wenye mitambo, haikufika. Aprili 2023 bei mpya zikaanza, na wengi wakalipa zaidi. Somo: bei ikishushwa kwa amri huku mikataba imekaa palepale, itarudi. Mtu akiwaahidi stima nafuu, mwulizeni ni mkataba gani atagusa.

11/
Sasa zile asilimia 10 za mwisho.

Saa tisa usiku mahitaji ya nchi ni karibu nusu ya yale ya saa mbili usiku. Mvuke upo, upepo unavuma kuliko mchana, na hakuna wa kutumia. Wakati mwingine mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kabisa. Halafu saa moja jioni kila mtu anarudi nyumbani: taa, televisheni, pasi, redio. Jua limezama. Mitambo ya mafuta inawashwa.

Kwa hivyo ukiongeza tu paneli za jua, asilimia yako ya mwaka itapanda na karatasi itapendeza, lakini saa mbili usiku hujagusa. Kumaliza dizeli kunataka betri, au mvuke zaidi, au maji ya kuhifadhi, au laini ya kununua kwa jirani. Tangu Novemba 2022 tunanunua megawati 200 kutoka Ethiopia. Au kunataka kuhamisha matumizi: tangu Desemba 2017 viwanda vinavyotumia stima usiku wa manane vinaweza kupewa bei ya nusu. Kila moja ya hizi ina gharama yake, na hiyo ndiyo bei halisi ya neno "100".

12/
Mtaniambia, basi tusimamishe mikataba yote. Tulijaribu. Kuanzia 2021 mikataba mipya ilizuiwa ili tuhesabu makosa. Lakini mahitaji hayakungoja, yaliendelea kupanda, na sasa jioni gridi imebanwa hadi baadhi ya maeneo hukatiwa kwa zamu. Miaka kumi iliyopita shida ilikuwa lori tupu, leo saa mbili usiku shida ni mzigo kukosa lori. Zote mbili zinatokana na kupanga kwa kufuata kalenda ya siasa badala ya kufuata mita. Na mwenye kiwanda cha mbao Elburgon au kinu cha kusaga hapa Molo, stima ikizima saa nne, hajali kama ilikuwa ya kijani.

13/
Kuna hatari nyingine inakuja polepole. Wenye pesa wanajitoa. Viwanda vya chai, mashamba ya maua, maduka makubwa ya miji, wanaweka sola zao juu ya paa. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini mikataba ya miaka 25 haipungui kwa sababu wao wametoka. Gharama ileile inagawanywa kwa watu wachache waliobaki, na waliobaki ni wale wasioweza kununua paneli. Bei ikipanda, wengine wanatoka tena. Lengo la kijani litakuwa linatimia huku maskini analipia gridi ya tajiri aliyehama. Hii ndiyo sababu sheria za nani anauzia gridi stima ya paa lake, na kwa bei gani, si mambo ya wahandisi pekee. Ni siasa kabisa.

14/
Sasa nirudi kwenye kichwa. Asilimia 100 ya nini?

Ya stima. Lakini stima ni kipande kidogo cha kawi ya nchi hii. Karibu theluthi mbili ya kawi tunayotumia ni kuni na makaa. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba nchini zinapika kwa kuni. Hapa kwetu, na baridi hii, jiko la kuni ni la kupikia na la kuotea. Moshi unaingia kwenye kifua cha mama na cha mtoto aliye mgongoni. Kuni nyingine zinatoka Mau, msitu uleule unaolisha mito yetu.

Lengo la nchi ni kila nyumba ipike kwa njia safi ifikapo 2028, miaka miwili kabla ya lile la stima. Mmelisikia jukwaani mara ngapi? Na tazameni ushuru: VAT ya gesi ilirudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. VAT ya vifaa vya sola ilirudi 2020, ikaondolewa tena 2021. Lengo linakuambia songa mbele, ushuru unakuvuta shati. Mama aliyenunua mtungi wa gesi mwaka mmoja na kurudi kwa kuni mwaka uliofuata hakukosa elimu. Alipiga hesabu.

15/
La mwisho kabla ya maswali: ardhi. Kinangop, jirani zetu hapo, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa 2016 baada ya mgogoro na wenyeji juu ya mashamba. Olkaria, jamii za Wamaasai zilihamishwa 2014 kupisha mitambo, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Mradi unaofika kwa wenyeji umeshakamilika kwenye karatasi huwa unalipa gharama ya kesi baadaye, na gharama hiyo nayo haipotei hewani.

Na mjue haki yenu. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke ugawanywe: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, na 5 jamii ya pale mvuke unapotoka. Hilo si ombi. Ni sheria. Ukikutana na mtu anayetaka kura yako ya kaunti au bunge, swali la mrabaha wa Nakuru liko mezani.

16/
Kwa hivyo mkisikia "asilimia 100 ifikapo 2030", msizomee na msipige makofi kwanza. Ulizeni hivi:

Ni mtambo gani, na laini yake iko wapi?
Tutalipa hata tusipotumia? Kwa miaka mingapi?
Kwa shilingi au kwa dola?
Saa mbili usiku stima itatoka wapi?
Na anayepika kwa kuni yuko wapi kwenye mpango huo?

Mtu anayeweza kujibu tatu kati ya hizo, msikilizeni, awe upande wowote. Asiyeweza hata moja ana bango tu.

17/
Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili.

Mzee mmoja aliuliza: "Kijana, mvuke uko kwetu Nakuru. Mbona tusilipe bei ya chini kuliko wengine?" Nilimjibu, mzee wangu, bei ya stima Kenya ni moja nchi nzima. Kuna miji ya kaskazini iko mbali na gridi, inawashwa kwa jenereta, na wakazi wake wanalipa bei kama yetu ingawa stima yao ni ghali zaidi kuzalisha. Tukidai kila mtu alipe ya kwao, watu wa Mandera watazima taa, na siku mito ya Tana ikijaa, wao wa Tana nao watatudai. Njia ya Nakuru kufaidi ni mrabaha, ajira, na joto lenyewe: kuna shamba la maua Naivasha limetumia mvuke kwa miaka kupasha joto nyumba zake za maua, na Menengai wamejaribu joto hilohilo kwa kuchemsha maziwa na kukausha nafaka. Mzee akasema, "Na viazi je?" Nikasema hilo ndilo swali la kumwuliza gavana yeyote ajaye.

18/
Dada mmoja akauliza kama basi mimi napinga lengo la 2030.

Silipingi. Ukame ukija, mabwawa yanashuka na tunachoma mafuta ya kuagizwa kwa dola. Mvuke, upepo na jua ni vyetu, na hakuna vita vya ng'ambo vinavyoweza kupandisha bei yavyo. Hiyo peke yake ni sababu tosha. Ninachopinga ni lengo lenye nambari moja. Nataka liandikwe na nambari tatu: asilimia ya kijani, shilingi kwa yuniti, na saa za stima kwa siku kwa mtu wa Molo. Nambari ya kwanza bila zile mbili inaweza kutimia 2030, viongozi wakapiga picha, na bado mama akawa anapuliza kuni gizani. Na hesabu itasema tumeshinda.



Uzi umeishia hapo. Kama una risiti ya tokeni, angalia mistari yake leo, useme hapa chini ni upi umekushangaza (ficha nambari ya mita). Wiki ijayo tunachambua ruzuku ya mbolea: nani hasa anaipata, na kwa nini hufika mvua ikiwa imeshanyesha.